Kati ya Mtoto na Mathe

Wiki ya kwanza ya jobo, soja alinisimamisha kwa geti. "We mtoto, wanafunzi wa atachimenti wanaingilia kule nyuma." Nilikuwa nimedunga jinso ya kuraruka magoti, katopi kafupi na raba nyeupe, luku ileile ilinibeba chuo miaka minne bila mtu kunisumbua. Nilikuwa na miaka 24 na barua ya kuajiriwa ndani ya begi. Nikaitoa. Akaisoma mpaka mwisho, akanicheki tena kutoka kichwa hadi raba, halafu akafungua geti mos mos, kama msee bado hajaamini.

Sato nikashuka tao na hasira. Kwa zile eksibisheni za Moi Avenue, vibanda saizi ya kabati vimejaa jengo zima, dem mmoja akaniuzia suti nyeusi, thao tatu na soo tano. Mabega yake yalinishinda upana, sketi nayo ilifika katikati ya muundi. "Umeweza, madam!" akaniambia, na mimi nikaamini, maana siku hiyo nilikuwa nataka kuamini. Jumatatu asubuhi, stage ya Umoja, konda akanishika mkono kwa mlango wa nganya: "Mathe, ingia pole pole, kuna kiti hapa mbele."

Mathe! Yaani ndani ya wiki moja nimetoka mtoto nimekuwa mathe, na hapo katikati hata sikupitia.

Hapo katikati ndio pagumu, siz. Ukiuliza maanti na mashosh nguo ya umri wako ni gani, watakuambia tu vile isikuwe: isibane, isipande, isionyeshe. Ukiingia Insta unapata dem ametokelezea balaa, lakini ukicheki vizuri amesimama kando ya swimming pool ya watu, saa nane mchana, siku ya kazi. Huyo hajarauka saa kumi na moja. Hajabanwa katikati ya gunia ya viazi na mlango. Hakuna mtu anakuambia msichana wa miaka 25 adunge nini Jumanne ya kawaida, mvua ikinyesha, na bado akifika ofisi akae mtu.

Na hii stori ya "vaa kiheshima" hapa Kanairo ina kidonda, tusijifanye. Novemba 2014 nilikuwa ndio nimemaliza darasa la nane, na mamanzi wakajaa barabara za tao wakiandamana, ile #MyDressMyChoice, baada ya wanaume kumvua mwenzao nguo kwa stage ya matatu, ati amevaa fupi. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, kumvua mtu nguo kwa lazima kukawa kosa lake lenyewe. Kwa hivyo mtu akinianzia heshima, nauliza kwanza ni ya nani. Mimi sitafuti kukaa mkubwa ndio wasee wa stage wanihurumie. Nataka nikijicheki kwa kioo cha lifti nimwone msee mwenye anajua anaenda wapi.

Aliyenitoa hapo ni beshte yangu wa mtaa. Mathe yake anauza mtush Gikomba tangu sisi tukiwa watoto, na yeye ndio siku hizi anamsaidia. Akanicheka ile suti mpaka akakaa chini, halafu akaniambia nirauke naye Alhamisi.

Kama hujawahi fika Gikomba kabla jua, hujui nguo zako zinatokanga wapi. Bale ni kilo 45, imefungwa na nyaya za plastiki, imekazwa kama tofali. Ikikatwa, inapumua. Kuna watu wamesimama hapo na tochi za simu wakingojea hiyo sekunde, na hawagombanii nguo, wanagombania kamera. Kamera ndio zile za kwanza, safi, zingine bado ziko na tiketi ya bei ya Ulaya. Wanunuzi wa kamera ni haohao wa eksibisheni na wa Insta. Saa mbili wamehepa, na jioni ileile blauzi ya soo mbili imepigwa picha ikaitwa thao na nusu. Dada ya suti yangu nilimpata hapo amening'inia kwa kamba. Soo nne. Nikanyamaza, beshte naye kwa huruma akaangalia kando. Kufika mchana mnaingia kwa fagia, mabaki ya chini kabisa, finje finje, mwenye nguo anapiga makofi juu ya meza akiimba "inama uchague, mama, inama!" Hata fagia ina vitu, lakini unazitafuta ukiwa umekunja mgongo.

Somo la kwanza, akanifunga macho na skafu. Kweli. Akaniwekea nguo kwa mkono moja moja. "Shika. Finya. Hesabu mpaka kumi." Ukifungua ngumi na kitambaa kimebaki na mikunjo kama uso wa mzee, utakaa hivyo siku nzima ukitoka kwa mathree. Kama kinateleza na kinapiga kelele ya karatasi, kitakushika jasho na stima. Halafu geuza ndani nje: mshono umenyooka? Ovaloki iko? Pindo liko na kitambaa cha kushusha? Lebo aliniambia nicheki mwisho, nikiwa na wakati. Nilipofungua macho nilikuwa nimeshika sketi ya kijivu, nzito kiasi, imeandikwa Marks & Spencer. Ilikuwa saizi mbili kunishinda.

"Hii itanianguka kwa lami," nikamwambia.

"Wewe nunua kitambaa. Saizi ni kazi ya fundi."

Rwabe. Ningekuwa nimeambiwa hiyo sentensi kabla ya ile suti, ningekuwa na thao tatu zangu.

Beshte na mathe yake walijifunza hivyo kwa lazima, anasema. Machi 2020 gava ilifungia mitumba kuingia nchini juu ya korona, mpaka Agosti, na mathe yake akabaki na mzigo wa zamani peke yake. Wakaanza kurudia hata zenye walikuwa wamelenga: kufua, kubadilisha vifungo, kukata mikono, kupeleka kwa fundi. Zikauzika.

Fundi mwenyewe ni mzee fulani wa cherehani ya kukanyaga, nyuma ya wauza mapazia. Haongei sana. Aliniangalia nimevaa ile sketi, akapitisha ngumi yake nzima nyuma ya kiuno, mahali nguo ilikuwa imeacha mwanya. "Hii imekatiwa mtu hana hizi hipsi zako, msichana wangu." Sasa hapo nikaelewa kitu imenisumbua maisha yote. Longi zote zangu hukaa fiti kwa hipsi zikaacha pango kiunoni, na mimi nilikuwa nadhani shida ni mwili wangu! Si bure Vivo, ile kampuni ya Wandia Gichuru, ilianza 2011 na nguo za mazoezi na densi lakini ikakuja kuomoka na nguo za kila siku za mamanzi: walikata kulingana na shepu za watu wa huku. Wewe kama hiyo bei bado haijafika kwa mshahara wako, kuna fundi.

Akatia alama na chaki, halafu akanivutia stuli. "Kaa kama uko kwa nduthi." Nikadhani anacheza. Hakuwa anacheza. Kutoka tao hadi Upper Hill napandanga nduthi siku nikichelewa, na sketi ya kubana huwezi panda nayo: unakaa upande kama mfuko wa unga, au unaivuta juu na stage yote inasimama kukuangalia. Mzee akafungua mkato mdogo nyuma, mrefu tu wa kutosha goti kusonga, akainua pindo likakaa chini ya goti kidogo, akakaza kiuno. Soo na finje. Kwa hivyo sketi yote ni soo tatu na finje, na ndio nguo imeniitisha "umeweza" nyingi kushinda kitu chochote nimewahi kununua.

Tangu hapo kila nguo nikishika naiuliza swali la nduthi. Hii inaniwezesha kupanda, kukaa, kushuka, kukimbilia mathree, kuinua mkono juu kushika chuma bila tumbo kusalimia abiria? Kama haiwezi, mtoto au mathe, sijali, inabaki kwa kamba. Ile blezia ya mabega ilipitia kwa mzee yuleyule, akatoa mito ya ndani na kupunguza mikono, na sasa Julai, baridi ikikata masikio, nazungusha nayo juu ya gauni ya pamba na watu wanauliza nimenunua wapi. Viatu ni flati kwa njia. Vya kisigino vinaishi ndani ya droo ya ofisi, havijawahi kuona matope. Dera ni ya Jumapili na ya keja. Kitenge napenda, lakini maua makubwa juu mpaka chini siku ya kazi ni kama umetoroka harusi. Weka blauzi ya kitenge juu ya kitu ya rangi moja uone. Na ile jinso ya magoti bado ninayo, ya Sato. Sijaaga dunia.

Soja siku hizi ananiita "siz." Konda naye ananiita chochote kiko kwa mdomo wake siku hiyo, nimewacha kuhesabu.

Sketi ya kijivu ndio sina. Mathe alikuja keja mwezi uliopita, akaiona imeanikwa, akaijaribu mbele ya kioo, akaenda nayo chama. Kumbe kiuno chetu ni kimoja. Nilipomuuliza akasema ako karibu kuileta. Juzi kasistee kangu ka chuo kakanitumia picha: kamesimama mbele ya maktaba, mkono kiunoni, kameidunga na raba nyeupe. Nikaivuta picha nione vizuri. Hata hizo raba ni zangu.