Mara 2,700: hesabu ya mnyoo, risasi na zebaki

Mwaka 1994 watafiti wa Ujerumani walipima madini ya risasi katika samaki wa mto Ruhr. Utumboni mwao walimkuta mnyoo mwenye kichwa cha miiba, naye alikuwa na risasi mara 2,700 ya ile iliyokuwa kwenye minofu. Ukilinganisha na maji ya mto, ni mara 11,000. Mwaka 1999 mtafiti Bernd Sures na mwenzake Siddall wakaongeza jambo la pili: samaki wenye minyoo hao walikuwa na risasi pungufu kwenye ukuta wa utumbo kuliko samaki wasio nao.

Siri iko kwenye nyongo. Risasi iliyomezwa hufika kwenye ini, ini huimwaga utumboni pamoja na nyongo, kisha utumbo huinyonya upya, na safari inaanza tena. Mnyoo huyu hana mdomo wala tumbo, anakula kwa ngozi. Amekaa njiani na kuidaka risasi kabla mwenyeji wake hajaichukua mara ya pili. Tegu naye kaumbwa hivyo hivyo. Minyoo ya mviringo, yenye mdomo, utumbo na ngozi ngumu, haikusanyi kwa kiasi hicho.

Habari hii ikifika Geita au Kahama, ambako mifugo inanywa maji jirani na makarasha ya dhahabu, mtu anaweza kusema: basi tuache kuwapa ng'ombe dawa ya minyoo. Kabla ya kusema hivyo, ashike kalamu. Mara 2,700 ni kipimo cha ukali wa risasi ndani ya kila gramu. Haijasema gramu ziko ngapi.

Tuchukue samaki mwenye minofu ya gramu 500 na minyoo ya gramu 0.2 kwa jumla, chini ya uzito wa punje ya mahindi. Kila gramu ya minofu ikiwa na fungu 1 la risasi, minofu yote ina mafungu 500. Minyoo ina 0.2 mara 2,700, yaani 540. Punje imeishinda minofu yote! Kwa samaki, basi, mnyoo ni jaa la kweli.

Sasa ng'ombe wa Shinyanga mwenye kilo 100 za nyama. Mnyoo bapa wa ini, ambaye wachinjaji wanamfahamu vizuri, amepimwa Ulaya akiwa na risasi zaidi ya mara 100 ya nyama ya ng'ombe aliyemhifadhi. Tumpe 150. Ng'ombe akiwa na minyoo 100 ya gramu 0.2 kila mmoja, ni gramu 20, sawa na mafungu 3,000. Nyama ina mafungu 100,000. Mnyoo amebeba asilimia 3 ya kilichomo kwenye nyama, na malipo yake ni ini lililoharibika ambalo machinjioni linatupwa. Hiyo ni biashara ya hasara.

Kwa mbuzi hesabu inageuka kabisa. Minyoo wanyonya damu wa tumboni hunyonya takriban mililita 0.05 kila mmoja kwa siku. Minyoo 1,000 ni mililita 50. Mbuzi wa kilo 25 ana damu ya lita 1.75 hivi, kwa hiyo katika siku 35 kiasi sawa na damu yake yote kimeshapita mikononi mwa minyoo (kama wangekuwa na mikono). Chuma kikipungua mwilini, utumbo huongeza vibebaji vya kukitafuta, na vibebaji hivyo havichagui sana: vinapitisha pia kadimiamu na risasi. Mnyoo mmoja anadaka metali, mwingine anaifungulia mlango, na mfugaji anawaita wote kwa jina moja.

Halafu kuna zebaki, ndiyo tatizo kubwa la ukanda huu. Wachimbaji wadogo wa Tanzania wanakadiriwa kutumia kati ya tani 13.2 na 24.4 kwa mwaka. Kwa kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 6 kwa lita ya maji ya kunywa, gramu moja ikiyeyuka yote ingefikisha kikomo hicho katika lita 166,000. Haiyeyuki yote, inatuama kwenye matope, na hapo vijidudu huigeuza iwe aina inayoshika protini za minofu. Namba za risasi hazihamishiki kwenye zebaki kirahisi. Utafiti wa Rwamagasa, Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta samaki wa Ghuba ya Nungwe wakiwa na zebaki kidogo, lakini baadhi ya waliovuliwa karibu na machimbo walizidi kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo.

Ziwa Victoria lina mnyoo wake wa kupimia. Ni utepe mweupe ndani ya dagaa, uitwao Ligula kitaalamu. Hakai utumboni mwa dagaa. Amejikunja nje ya utumbo, akingoja ndege ammeze dagaa ili akakomae utumboni mwa ndege. Upande wa Kenya, utafiti uliochapishwa 2010 ulimtumia kupima metali nzito ziwani. Kama kipimo, anafaa. Kama mlinzi wa mlaji, hapana: samaki mkubwa hupasuliwa matumbo yakatupwa, lakini dagaa tunamkaanga mzima. Kilichotoka kwenye minofu kikaingia kwenye mnyoo bado kiko kwenye sufuria ileile.

Kwa ng'ombe pia metali haipotei: hata akipewa dawa, tegu wake wanatoka na mbolea, wanaozea malishoni, na risasi waliyoibeba inarudi kwenye udongo ambako majani yataota masika.