Askari Waliokwama Barazani

Saratani ya ovari huingia kimya kimya. Tumbo hujaa, chakula kidogo hushibisha, haja ndogo humjia mama mara kwa mara, naye hudhani ni vidonda vya tumbo. Kipimo cha mlango wa kizazi, tunachohimizana kukifanya, hakikukusudiwa kuitafuta. Ndiyo maana wengi hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea.

Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitangaza matokeo ya kuchunguza uvimbe wa wanawake 186 waliofikia hali hiyo. Walitafuta seli T, askari wa kinga ya mwili. Miongoni mwa waliokuwa na askari hao ndani ya mafundo ya saratani, asilimia 38 waliishi miaka 5 au zaidi. Miongoni mwa wasiokuwa nao, asilimia 4.5 tu.

Basi haitoshi kuwahesabu askari. Sharti tujue wamesimama wapi. Uvimbe ukisagwa, kila seli hupoteza mahali pake. Siku hizi kipande chembamba huachwa kama kilivyo, kikapakwa kingamwili zenye alama, na kompyuta ikachora kila seli pamoja na jirani zake. Ndipo askari huonekana wamerundikana barazani, kwenye nyuzi zinazouzunguka uvimbe, ndani hawakuingia. Pengine hukutwa karibu nao seli nyingine za kinga ambazo saratani imezigeuza zikawa bawabu wake.

Dawa za kuamsha kinga, zilizowafaa wagonjwa wengi wa saratani ya ngozi, zimewafaa wachache wenye saratani hii. Kwa maoni yetu, jibu litatafutwa mlangoni hapo.