Siri ya tumbo la ng'ombe, na kapsuli unazomeza ovyo

Wakati wa kiangazi wafugaji huingiza mifugo yao jijini Nairobi kutafuta malisho, nawe bila shaka umewaona ng'ombe hao wakila nyasi kavu kando ya barabara. Je, umewahi kujiuliza kwa nini wewe ukila nyasi hizo utakufa kwa njaa, ilhali ng'ombe anatoa maziwa?

Nyasi zimejengwa kwa selulosi, yaani sukari iliyofungamana kwa minyororo migumu. Ili minyororo hiyo ikatike, panahitajika kimeng'enya kiitwacho selulasi. Mwili wako hauwezi kukitengeneza. La ajabu ni kwamba hata mwili wa ng'ombe hauwezi! Kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoishi katika tumbo lake la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mzima huweza kuchukua zaidi ya lita 100. Bakteria hao huikata selulosi, huila sukari yake, kisha hutoa asidi ambazo ng'ombe huzifyonza na kupata sehemu kubwa ya nguvu zake. Mfugaji akimnywesha ng'ombe viuavijasumu ovyo, bakteria hao hufa. Mnyama huacha kula na kucheua ingawa hori limejaa.

Nawe pia, msomaji, unao wapangaji kama hao katika utumbo wako mpana. Nyuzinyuzi za maharagwe, githeri na sukuma wiki zinapovishinda vimeng'enya vyako, wao huzivunja na kutoa asidi zinazolisha ngozi ya ndani ya utumbo. Vile vile huvinyima vijidudu vibaya makao.

Sasa mfikirie mtu anayeshikwa na mafua, akaenda moja kwa moja kwenye duka la dawa kununua kapsuli nne za viuavijasumu. Mafua huletwa na virusi, na dawa hiyo haiui virusi. Inaua wapangaji wake, na bakteria wanaosalia huwa sugu. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huja kwangu wakiharisha siku chache baada ya kumeza dawa ambayo hawakuihitaji.

Daktari akikuandikia viuavijasumu, vitumie jinsi ulivyoelekezwa. Ukiharisha sana, au ukiona damu chooni, rudi kwake upesi. Lakini kwa mafua ya kawaida, pumzika, kunywa maji kwa wingi, na ule githeri yako.