Mbunge Alisimama Upande Gani? Sheria ya Ndoa ya 2014 na Nyumba Zetu



Wakati wa kampeni tunaahidiwa barabara, stima, maji na basari za watoto. Mara chache sana mtu husimama mkutanoni hapa Burnt Forest na kuuliza, "Mheshimiwa, ukiwa kule Bunge ulisema nini juu ya ndoa, watoto na urithi?" Wengi wetu hudhani hayo ni mambo ya pasta, padre, wazee na wakwe. Sivyo. Nani anahesabiwa kuwa mke, nani anamlisha mtoto, na nani anabaki na shamba mzee akifariki, yote hayo huamuliwa na sheria. Na sheria hutungwa na watu tuliowapigia kura.

Katika ukurasa huu tutaeleza mfano mmoja ulio karibu sana na sisi. Lengo si kumchafulia mtu jina wala kumfanyia mtu kampeni. Lengo ni kila mwananchi ajue namna ya kusoma kazi ya mbunge wake.

MAMBO YALIANZIA WAPI

Kenya ilipopata uhuru ilirithi sheria nyingi za ndoa: moja ya Wakristo, nyingine ya Wahindu, nyingine ya Waislamu, nyingine ya serikali, na mila za kila kabila zikiwa pembeni. Mwaka wa 1967 Rais Jomo Kenyatta aliteua tume ya kuziunganisha, nayo ikatoa ripoti mwaka wa 1968. Mswada uliotokana nayo ulipelekwa Bungeni mwaka wa 1976 ukaanguka. Ukarudishwa mwaka wa 1979 ukaanguka tena. Wabunge wengi walilalamika kwamba ni mambo ya wazungu na unawapa wanawake nguvu kupita kiasi.

Kabla ya hapo Bunge lilikuwa limefanya jambo lingine ambalo wazee wachache wanalikumbuka. Kulikuwa na sheria ya mwaka wa 1959 iliyomruhusu mama asiyeolewa kumpeleka baba wa mtoto kortini ili atoe matunzo. Mwaka wa 1969 Bunge liliifuta. Wakati huo hapakuwa na mbunge mwanamke hata mmoja; Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo. Ilibidi kungoja miaka 41, mpaka Katiba ya 2010, ndipo ikaandikwa wazi katika kifungu cha 53 kwamba baba na mama wana jukumu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Basi mama akikwambia alilea watoto watatu peke yake miaka ya sabini na themanini na hakuna mahali pa kulalamika, jua kuna kura iliyopigwa Nairobi iliyomfungia mlango.

MACHI 20, 2014

Baada ya uchaguzi wa 2013 mswada wa ndoa ulirudi Bungeni. Mbunge wa Ainabkoi, eneo letu, alikuwa Mheshimiwa Samuel Chepkonga. Yeye pia alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Haki na Masuala ya Kisheria, kamati inayopitia miswada kama huo kabla haujapitishwa. Kwa hivyo mtu wetu hakuwa amekaa nyuma akisikiliza tu. Alikuwa mbele kabisa.

Mswada ulivyokuja, mume wa ndoa ya kimila aliyetaka kuoa mke mwingine hakuweza kuendelea kama mke aliyepo amekataa. Mheshimiwa Chepkonga alileta rekebisho la kuondoa sharti hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamke anayeolewa kimila anajua tangu mwanzo kuwa ndoa hiyo ina nafasi ya mke mwingine, kwa hivyo hakuna haja ya kumuuliza tena.

Wabunge wanawake walipinga. Soipan Tuya, mwakilishi wa wanawake wa Narok, alisema kama mume ameamua kuleta mke mwingine, basi awe mwanamume wa kutosha kuwaambia mkewe na familia yake. Lakini wanaume wa vyama vyote, wa serikali na wa upinzani, ambao siku nyingine hawasikizani, siku hiyo walisikizana. Wanawake walikuwa 69 tu katika Bunge la watu 349. Walipoona wameshindwa walitoka nje kwa hasira, na mswada ukapita usiku huo wa Alhamisi. Viongozi wa makanisa katika NCCK waliukosoa wakisema haukuheshimu usawa wa mume na mke. Rais Uhuru Kenyatta aliutia sahihi Aprili 29, 2014.

Mheshimiwa Chepkonga hakurudi Bungeni katika uchaguzi wa 2017. Kiti kilichukuliwa na William Chepkut. Mwaka wa 2022 alichaguliwa tena.

SHERIA YENYEWE INASEMA NINI

Tusihukumu sheria nzima kwa kipengele kimoja. Kuna mazuri mengi ndani yake:

1. Hakuna ndoa ya mtu chini ya miaka 18, iwe ya kanisani, ya kimila au nyingine yoyote.

2. Mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa ndani ya ndoa, na wakiachana.

3. Ndoa ya kimila sasa inaandikishwa na kupewa cheti kama zile zingine. Waliooana wanatakiwa kumjulisha Msajili wa Ndoa katika miezi mitatu baada ya sherehe za mila kukamilika.

4. Penye mila ya mahari, hata sehemu ndogo iliyotolewa yatosha kuonyesha kwamba ndoa ipo.

5. Ndoa ya Kikristo, ya Kihindu na ile ya serikali ni ya mume mmoja na mke mmoja. Aliyefunga ndoa ya namna hiyo hawezi kuoa mwingine juu yake. Ndoa ya kimila na ya Kiislamu inahesabiwa kuwa inaweza kuwa ya wake wengi.

Hapo ndipo msomaji ajiulize: mimi niko katika ndoa gani? Kwetu wengi wamefanya koito au ruracio, wakaishi pamoja miaka ishirini, wakipanga kwamba harusi ya kanisani itakuja baadaye pesa ikipatikana. Mbele ya sheria hiyo ni ndoa ya kimila. Rekebisho la 2014 linakuhusu wewe moja kwa moja.

KWA NINI TUSEME HABARI YA SHAMBA

Mtu anaweza kusema, "Wacha mzee aoe, mimi nina watoto wangu." Tuangalie hesabu. Sheria ya Urithi inasema mtu mwenye wake zaidi ya mmoja akifariki bila kuandika wosia, mali yake hugawanywa kufuatana na nyumba zake. Hesabu haiendi nusu kwa nusu. Kila mtoto ni fungu moja, na kila mjane aliye hai ni fungu moja.

Chukua mfano wa eka 10. Nyumba ya kwanza ina mama na watoto 3, yaani mafungu 4. Nyumba ya pili ina mama na watoto 5, yaani mafungu 6. Jumla ni mafungu 10. Nyumba ya kwanza itapata eka 4 na ya pili eka 6. Mama wa kwanza aliyevunja msitu, akapanda viazi na mahindi na kukamua ng'ombe asubuhi za baridi kwa miaka thelathini, anaweza kupata kidogo kuliko nyumba iliyokuja jana. Na watoto wa nyumba ya pili hawana kosa lolote. Nao ni watoto wa mzee. Ndiyo maana kumjulisha mke mapema si jambo la wivu tu. Ni jambo la mipango ya shamba.

Kuna kinga moja ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ambayo mume na mke wa kwanza walipata kabla ya mke wa pili kuolewa ni ya hao wawili peke yao, kwa usawa. Sheria hiyo pia inahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto na kazi ya shamba kuwa mchango. Lakini mchango unahitaji ushahidi. Mahakama ya Juu ilisema mwaka wa 2023 kwamba hakuna kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja mkiachana. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Kwa hivyo risiti za maziwa, karatasi za ununuzi wa shamba na vitabu vya chama vitunzwe vizuri. Sisi wa Burnt Forest tunajua vile karatasi zinaweza kupotea. Mwaka wa 1992 na tena mwanzoni mwa 2008 nyumba ziliungua na kila kitu ndani. Weka nakala kwa mtu unayemwamini, mbali na nyumbani.

Na ninyi mliofunga harusi kanisani msilale. Korti za urithi ziliwahi kumtambua mwanamke aliyeolewa kimila na mume mwenye cheti cha kanisa, ili yeye na watoto wake warithi. Cheti ni kizuri, lakini wosia ulioandikwa ni bora zaidi.

NAMNA YA KUSOMA KAZI YA MBUNGE

Mara nyingi Spika huuliza swali, wabunge wakajibu kwa sauti, "Ndiyo" au "La", naye akaamua upande ulioshinda. Kura ya namna hiyo haina majina. Majina huandikwa wabunge wenyewe wakidai kura ya kuhesabiwa, au jambo likiwa la kubadilisha Katiba.

Kwa hivyo mbunge akikwambia "mimi nilikataa," usiishie hapo. Uliza mambo manne. Je, aliongea? Maneno yote huandikwa katika Hansard, na mwananchi yeyote ana ruhusa ya kuisoma. Je, alileta rekebisho lolote? Alikuwa katika kamati gani? Na siku ya kura alikuwepo?

Hilo la mwisho ni kubwa. Katiba inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili Bungeni. Kubadilisha Katiba ili kutimiza jambo hilo kunahitaji kura 233. Mswada ulishindwa mara mbili mwaka wa 2016, na Februari 2019 haukupita tena, kwa sababu idadi haikufika. Mbunge anaweza kuua mswada kwa kukaa hotelini tu, bila kusema "La" hata mara moja.

TUFANYE NINI

Kwanza, kama ndoa yenu ni ya kimila, iandikisheni. Pili, kaeni kama familia mwongee juu ya wosia mzee akiwa hai na ana afya. Kuandika wosia si kuita kifo. Tatu, mbunge akija barazani aulizwe habari ya sheria kama anavyoulizwa habari ya barabara. Nne, kumbukeni kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni ili sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe. Kikundi cha akina mama kinaweza kuandika. Kikundi cha akina baba pia.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika mila zenu, mke wa kwanza alikuwa anajulishwa kabla ya mke wa pili kuletwa? Waulizeni wazee. Je, sheria ya 2014 imefuata mila au imeiacha?

2. Ni familia ngapi katika kikundi chenu zina cheti cha ndoa? Ngapi zina wosia?

3. Mkipewa nafasi ya kumuuliza mbunge swali moja tu kuhusu familia, mtauliza nini? Liandikeni, mchague mtu wa kulisoma siku ya baraza.