Babu Asiyeonwa na Mjukuu Wake

Kwetu sisi watu wa pwani babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike humwita babu yake mume, na wa kiume humnyang'anya mzee mkewe kwa maneno ya mzaha, na aghalabu ni katika mzaha huo, jioni barazani, ndipo habari za ukoo zinapohama kutoka kinywa kikongwe hadi sikio changa. Lakini yuko mjukuu mmoja aliyekoseshwa utani huo kwa muda wa miezi minne tu: babu yake alifariki Edinburgh, nchi ya Uskoti, tarehe 12 Julai 1850, naye akazaliwa katika mji huo huo tarehe 13 Novemba ya mwaka ule ule. Mjukuu ni Robert Louis Stevenson, ambaye wengi wetu tulimjua kwa kitabu chake kilichotiwa katika Kiswahili kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina. Na babu ni Robert Stevenson, mhandisi wa minara ya taa za baharini, aliyeishi duniani miaka 78.

Mzee huyu naye alilelewa yatima. Baba yake alisafiri kwa biashara hadi visiwa vya Karibi, akafa huko kwa homa mwaka 1774, mtoto hajatimiza miaka miwili. Na mama, ambaye hazina yake kubwa ilikuwa ucha-Mungu, alikuwa amekwisha kumkusudia mwanawe ukasisi, hata alipokuja kuolewa na Thomas Smith, fundi wa taa wa Edinburgh, aliyekuwa mhandisi wa kwanza wa halmashauri iliyoundwa mwaka 1786 ili kuzitilia taa pwani za kaskazini. Kijana akaacha vitabu vya dini, akashika zana za baba wa kambo. Na mwaka 1799 akamwoa binti ya mzee huyo, hata mtu mmoja akawa kwake mlezi, bwana wa kazi na mkwe.

Bahari ile haikuwa na huruma. Mwaka 1794, akirudi kutoka visiwa vya Orkney, upepo ulikufa chombo kikiwa karibu na bara, akaomba ateremshwe apitie nchi kavu. Baadaye tufani ikakirudisha chombo kile hadi Orkney, kikavunjika, wala hakupona hata mtu mmoja.

Kazi iliyoliweka jina lake ni ile ya Bell Rock, yaani Mwamba wa Kengele, ulio yapata maili 11 kutoka mji wa Arbroath. Husimuliwa kwamba zamani mkuu wa watawa wa mji huo aliufunga kengele ili mawimbi yaipige na mabaharia wajihadhari. Maji yakipwa, mwamba huchomoza kwa saa chache. Yakijaa, huzama wote, na hapo ndipo ilipo hila yake, kwani nahodha haoni kitu ila bahari tupu. Januari 1804 manuwari iliyoitwa York ilipotea na watu wake wote, karibu 500, na wengi wakasadiki kwamba ni mwamba ule uliowala.

Ujenzi ulianza Agosti 1807. Mafundi walilala katika chombo kilichotia nanga karibu, hata walipojengewa nyumba ya mbao juu ya miguu mirefu pale pale mwambani, nao walichimba msingi kwa kuvizia maji kupwa, kama waviziavyo wanawake wetu waendao kutafuta chaza. Tarehe 2 Septemba mwaka huo, watu 32 wakiwa mwambani, jahazi lao lilikatika nanga likachukuliwa na mkondo, zikabaki mashua mbili tu ambazo hazikuweza kuwachukua wote kwa salama, na maji yalikuwa yamekwisha anza kujaa. Wale mafundi walisimama kimya, kila mmoja akiyatazama maji, kisha akimtazama bwana wao. Stevenson alitaka kusema nao, lakini kinywa kilikuwa kimemkauka hata ulimi hautii; akainama katika dimbwi la maji ya chumvi ili aulainishe, na alipoinuka akasikia mtu akipiga kelele kwamba mashua inakuja. Alikuwa rubani wa Arbroath, James Spink, aliyetoka mjini kuleta barua, wala hakujua lolote la msiba ule.

Mnara uliojengwa una kimo cha futi 115, mpana chini kama shina la mbuyu na mwembamba juu, na mawe yake, zaidi ya 2,800, yalichongwa bara moja moja hata yakaumana ubavu kwa ubavu, wimbi lisipate la kung'oa. Usiku wa tarehe 1 Februari 1811 ziliwashwa taa 24, kila moja na kioo cha shaba kilichopakwa fedha nyuma yake, zikizungushwa kwa mashine ya saa na kutoa nuru nyeupe na nyekundu kwa zamu, ili nahodha asiudhanie mnara mwingine. Neno letu mnara, tulilolipokea kwa Waarabu, asili yake ni mahali pa nuru. Mabaharia wa Unguja, ambao tangu mwaka 1904 wameongozwa na mnara wa Chumbe, hawahitaji kufafanuliwa.

Kwa karatasi, mhandisi mkuu wa kazi ile alikuwa John Rennie, na jamaa za pande mbili waliigombania sifa yake. Mimi naona aliyelala mwambani ana haki kuliko aliyeuzuru mara chache.

Kwa miaka mingi baadaye mzee aliizunguka pwani yote kila mwaka akiikagua minara, na watoto wake watatu wakaishika kazi hiyo hiyo. Mjukuu ndiye aliyeihalifu. Alisomea uhandisi, akapelekwa visiwani kutazama minara ikijengwa, akapata hata nishani ya fedha mwaka 1871 kwa makala juu ya taa za minara. Kisha mwaka huo huo akamwambia baba yake kwamba anachotaka ni kuandika. Baba alihuzunika sana.

Basi ni ajabu kwamba mtoro huyo, alipokuwa mgonjwa katika visiwa vya Samoa, mbali kabisa na baridi ya kwao, ndiye aliyekaa kuandika tarehe ya ukoo wa wahandisi. Humo amesimulia jinsi babu, katika kiangazi chake cha mwisho, alivyojiandaa kwa safari yake ya kila mwaka hali maradhi yamekwisha mshinda, hata ikawalazimu jamaa kumwambia kwamba hataiona tena minara yake. Na hilo, asema mjukuu, lilimuuma mzee kuliko mauti yenyewe. Hakuyaona hayo kwa macho, lakini anayasimulia kama aliyekuwapo akimfungia babu mizigo.

Hakuwahi kukimaliza kitabu: alifariki tarehe 3 Desemba 1894, ana miaka 44. Katika sura ya mwisho aliyoiacha, ile ya Mwamba wa Kengele, yeye mwandishi mashuhuri asema machache tu, kisha anamwachia babu nafasi, na kurasa zinazofuata ni shajara ya mzee mwenyewe, siku baada ya siku: upepo umevuma kutoka wapi, maji yamepwa saa ngapi, na mawe mangapi yamewekwa.