Nani Ashushe Kwanza?

Wanachama wengi hawajapata kufika Mufindi, mkoani Iringa, wala Rungwe, mkoani Mbeya. Huko hakuna mkarafuu. Kuna chai na baridi. Lakini sisi na wao tuna shida moja: zao likishachumwa halimngoji mtu. Karafuu mbichi zikiachwa rundo huchacha na kupauka. Jani la chai nalo huendelea kupumua na kutoa joto, na likishindiliwa katika magunia hugeuka jekundu na thamani yake hushuka.

Basi siku za mvua, majani yanapokuwa mengi na njia zimejaa tope, magari huweza kufika kiwandani kwa mkupuo. Nani ashushe kwanza?

Wengi watajibu, aliyetangulia kufika. Ni haki, lakini tupige hesabu. Tuseme lori lenye kilo 3,000 limefika mbele, nalo lahitaji dakika 60 kushusha. Nyuma yake yapo magari mawili madogo ya kilo 500, kila moja dakika 10. Lori likianza, dogo la kwanza litangoja dakika 60 na la pili 70, jumla 130. Madogo yakianza, la pili litangoja 10 na lori 20, jumla 30 tu. Hata dereva wa lori hana sababu kubwa ya kununa.

Sasa tuhesabu majani, tuwaache madereva. Zidisha kilo kwa dakika za kungoja: njia ya kwanza 65,000, na njia ya pili 65,000 vile vile! Majani hayakupata nafuu hata chembe. Mtaalamu Leonard Kleinrock wa Marekani alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1965: kupanga zamu upya hakupunguzi kazi iliyopo mlangoni, nafuu ya mmoja hulipwa kwa kungoja kwa mwingine.

Kwa hiyo penye majani mabichi yafaa kutazama saa ya kuchumwa, si ukubwa wa gari wala sura ya mwenye gari. Yaliyochumwa asubuhi yatangulie ya adhuhuri, hata yakifika nyuma, maadamu hayajaharibika. Yaliyokwisha kuharibika hayana la kuharakishiwa. Lakini karani asipoandika saa katika hati pale majani yanapopimwa, kanuni hii haitendeki.

Kwetu mambo ni mengine. Mizanini karafuu huletwa kavu, na gunia kavu haliozi kwa kungoja saa mbili. Anayechoka ni mtu. Hapo hesabu ya magari madogo yatufaa: mwenye gunia moja apitishwe mbele ya mwenye ishirini. Ila uwekwe mpaka, tuseme wakishapita watano, wa ishirini naye apimiwe, ama sivyo wenye gunia moja moja watafuatana na yeye atakaa pale mpaka magharibi.