Mgeni Baada ya Siku ya Kwanza

Leo twataka kuwasimulia habari za watu waliotoka Ulaya kwa merikebu za moshi, mwishoni mwa karne ya 19, kwenda kutafuta maisha Marekani. Na katika umati huo mkubwa tutamfuata binti mmoja tu.

Zamani za matanga, kuvuka Bahari ya Atlantiki kulichukua wiki tano au sita, na upepo ukikataa, hata zaidi. Mvuke ulibadili mambo. Kufikia miaka ya 1880 safari hiyo ilikuwa ya siku nane hadi kumi na nne hivi. Hivyo hata maskini waliweza kuthubutu. Mara nyingi mmoja alitangulia, akafanya kazi, akaweka akiba, kisha akawalipia tiketi waliobaki nyumbani. Baba alikwenda kwanza, mama akafuata, na pengine watoto wakaja mwisho.

Wenye fedha walilala katika vyumba vya juu. Maskini walikaa chini, tumboni mwa meli, kwenye vitanda vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, penye hewa nzito na kelele za mitambo. Meli ilipofika New York tofauti hiyo haikuisha. Abiria wa madaraja ya juu walikaguliwa humo humo melini, wakashuka na kwenda zao. Wa daraja la chini walipakiwa katika mashua na kupelekwa kwenye kituo cha ukaguzi.

Tangu mwaka 1855 hadi 1890 kituo hicho kilikuwa Castle Garden. Tarehe 1 Januari 1892 serikali kuu ilifungua kituo kipya katika kisiwa cha Ellis Island. Hapo daktari alimtazama kila mtu, na karani akamwuliza jina lake, kazi yake, na mahali anakokwenda. Sheria ya mwaka 1891 ilisema kwamba mwenye ugonjwa wa kuambukiza, au anayedhaniwa kuwa atakuwa mzigo kwa umma, arudishwe, tena kwa gharama ya kampuni ya meli iliyomleta. Waliorudishwa walikuwa wachache, kadiri ya 2 katika kila 100. Lakini ikiwa katika wale wawili yumo mtoto wako, uchache huo wakufaa nini? Na wengine walikuwa wamefungiwa mlango hata kabla ya kusafiri, kwa maana sheria ya mwaka 1882 ilikataza vibarua kutoka China kuingia nchini humo.

Sasa tumtazame yule binti. Aliitwa Annie Moore, wa miaka 17, kutoka Cork, Ireland. Alipanda meli iitwayo Nevada pamoja na wadogo zake wawili wa kiume, Anthony na Philip, akiwa ndiye mlezi wao njiani. Wazazi wao walikuwa wametangulia New York miaka michache kabla. Siku ile ya ufunguzi, Annie ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikishwa. Mkuu wa kituo alimkaribisha na kumpa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Magazeti yaliandika habari zake. Kisha watoto wale wakaenda kwa wazazi wao, na mji ukaendelea na shughuli zake.

Je, baadaye alikuwaje? Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba alihamia Texas na kufia huko. Mwaka 1993 alisimamishiwa sanamu mbili, moja huko Ireland kwenye bandari aliyoondokea, na nyingine Ellis Island. Lakini mwaka 2006 uchunguzi wa kumbukumbu za zamani ulionyesha kwamba yule wa Texas alikuwa mtu mwingine kabisa, tena mzaliwa wa Marekani. Annie wetu hakuondoka New York. Aliishi katika mitaa ya maskini ya Manhattan, akaolewa, akazaa watoto wengi, na kadhaa kati yao akawazika wangali wadogo. Alifariki mwaka 1924, akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe wala jina. Jiwe liliwekwa mwaka 2008, miaka 84 baada ya kifo chake.

Wapendwa, hebu tufikiri. Mlangoni alipewa dhahabu. Lakini kwa miaka 32 iliyofuata aliishi umbali mfupi tu kutoka kisiwa kile, na wenye kusimulia habari zake wakamtafuta Texas.

Sisi nasi tuna desturi njema. Jumapili twawaomba wageni wasimame, wataje majina yao na watokako, nasi twawapigia makofi. Je, Jumapili ya nne ni nani ajuaye mahali wanapokaa? Yule kijana aliyeshuka basi la usiku kuja kutafuta kazi mjini, amepata chumba? Yule mama aliyekimbia vita kwao, nani amebisha hodi kwake?

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengine hudhani maneno hayo ni ya kumfukuza. Sisi twaona kwamba anayepewa jembe ameonyeshwa shamba, na aliyeonyeshwa shamba amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Naomi na Ruthu walipoingia Bethlehemu mji mzima ulisisimka, lakini msisimko haukuwapa chakula. Aliyewafaa ni Boazi, aliyeuliza habari za yule mgeni, akamruhusu aokote masazo shambani mwake, na kuwaagiza wavunaji wasimsumbue.

Basi juma hili tumkumbuke mtu mmoja tuliyempigia makofi mwaka huu. Tuulize anakaa wapi, twende tukamwone, na tumwite kwa jina lake.